Kabla ya paintball tulirushiana unga wa mawe ya Tabaka, na nusura nikose mke

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hivyo mtanivumilia. Haya ninayoleta niliyaona kwa macho yangu. Hata ningetaka kuongeza chumvi nisingeweza, maana mke wangu amekaa hapa kando anasoma kila mstari, na yeye alikuwepo.

Kilichonifanya nifungue huu uzi ni vijana wa kanisa letu hapa karibu na Nyanchwa. Wanataka kwenda kucheza paintball.

Anayepanga ni kijana mmoja mpole ambaye siku hizi anapita sana kwetu akisema ametumwa na committee. Committee gani hiyo inayotuma mtu kila Jumapili kwenye nyumba yenye binti, mimi sijui. Binti mwenyewe ni kitindamimba wetu.

Wazee wenzangu wengine wamekataa. Wanasema Wakristo kupigana risasi za rangi ni kumwalika shetani chai. Kwenye kikao mimi nilinyamaza, kwa sababu nilishawahi kupanga kitu kama hicho miaka ya sabini mwanzoni, wakati bunduki ya rangi hakuna aliyeiota. Stress ya siku ile bado sijaisahau.

Twende pole pole.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Kiogoro, na kanisani nilikuwa kiongozi wa vijana. Kulikuwa na kanisa lingine upande wa Nyamira ambalo tulikuwa tunakutana nalo kwenye makambi ya kanisa. Sabato ikipita vizuri, Jumapili vijana wanacheza mpira, na kila mpira ulikuwa unaisha kwa fimbo.

Shida ni kwamba timu ilikuwa kanisa, na kanisa lilikuwa ukoo. Ukiwashindanisha hao watu, unawakumbusha ugomvi wa babu zao ambao hata hawaujui vizuri.

Basi pastor akaniita. Akaniambia, "Mwalimu, nitafutie mchezo ambao kijana wa hapa na kijana wa kule watakuwa upande mmoja. Wakishikiana fimbo tena, makambi ya pamoja nimefunga."

Wakuu, mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka yafungwe. Sababu hiyo iliitwa Kemunto.

Kemunto alikuwa wa kanisa lile la Nyamira. Tulikuwa tumeshaelewana, na nilikuwa nimetuma esigani kwao. Esigani ni mshenga, yule mtu anayetumwa kuulizia binti na kurudisha jibu. Wangu alikuwa Mzee Ogeto, shemasi wetu, mtu wa maneno machache na pipi za mint mfukoni.

Mzee Ogeto alikwenda, akarudi, akaenda tena. Kila mara alipewa uji wa wimbi, akaulizwa habari za mvua, akasindikizwa mpaka barabarani. Jibu hakuna. Babake Kemunto alikuwa na sentensi moja tu: "Mama yake bado anafikiria."

Na mbaya zaidi, nilisikia kuna karani wa kiwanda cha majani chai ambaye naye ametuma mtu wake. Karani ana baiskeli mpya, mimi nina chaki. Nilikonda.

Kwa hivyo hesabu ilikuwa rahisi. Makambi yakifungwa, simwoni tena Kemunto. Na vijana wakipigana kwenye mchezo niliopanga mimi, mbele ya mama yake, basi huyo mama atakuwa amemaliza kufikiria.

Wazo la mchezo lilitoka kwa mjomba wangu, mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka. Kwake kila kitu kilikuwa cheupe: kuku, viatu, hata kope zake. Unga wa yale mawe ukigusa nguo unabaki hapo mpaka ukutane na maji.

Nikafikiria, tukiukanda na uji mwepesi na kufinyanga matonge madogo, mtu akipigwa anapata alama, hapati kidonda. Upande mmoja uwe na unga mweupe, upande wa pili udongo wetu mwekundu. Ukipata alama umekufa, unakwenda kukaa nyasini. Hiyo si paintball? Tofauti ni bunduki tu.

Nilijaribu tonge la kwanza kwenye paja langu mwenyewe. Lilikuwa sawa. La pili niliacha juani kwanza, halafu nikamwambia mdogo wangu Omwenga anirushie mgongoni. Wakuu, niliona nyota mchana. Likikauka lile tonge ni jiwe kamili, tena jiwe lililorushwa na Omwenga, kijana ambaye alikuwa anaangusha parachichi kwa kulenga kikonyo.

Tangu hapo ugonjwa wangu ukawa ni matonge kukauka. Ningekaa darasani nafundisha kujumlisha, akili iko kwenye matonge.

Halafu Mzee Ogeto akaniongezea ugonjwa wa pili.

Akaniuliza, "Umepanga nani amrushie nani?"

Nikamwambia watahesabu moja, mbili, moja, mbili, wanagawanyika.

Akatoa pipi mdomoni kabisa. "Kwa hivyo mtoto anaweza kumpiga babake mdogo mbele ya kanisa, na wewe unapuliza filimbi?"

Hapa niwaelezee wale ambao si wa kwetu. Kwetu Kisii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake. Mtu na baba yake hawataniani, hawarushiani kitu. Na "baba" si mmoja. Ndugu wa baba wote ni baba, hata awe kijana unayemzidi umri. Unaweza kuwa na miaka ishirini na "baba" yako ana kumi na saba, na mnasoma darasa moja.

Mwanamume na mama mkwe ndiyo kabisa. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama anajifunika kichwa, anageuka, anapisha. Si chuki hiyo, ndiyo heshima yenyewe. Ukivunja, hata kwa bahati mbaya, unatoa mbuzi. Na ndugu yako akivunja ni kama umevunja wewe, kwa sababu kwa wakwe nyinyi ni mtu mmoja.

Mnaona mtego? Nikiweka kila nyumba upande wake ili baba na mwana wasirushiane, narudi kwenye ukoo kwa ukoo, na hiyo ni vita. Nikichanganya tu, chinsoni inavunjika na wazee wanalaani watu.

Mimi na Mzee Ogeto tulikaa kwake siku kadhaa tukizipanga zile nyumba kwa punje za mahindi na maharagwe juu ya ungo. Nani anamwita nani baba. Nyumba nzima inakaa upande mmoja, lakini kila upande unapata nyumba za Kiogoro na nyumba za Nyamira. Tukimaliza, mtu anakumbuka shangazi aliyeolewa kule, tunaanza upya. Kuku wake walikula timu nzima mara moja.

Mwisho ikapangika. Nyumba ya kina Kemunto ikaangukia Wekundu. Omwenga wetu akaangukia Weupe. Mimi nikawa referee.

Nikauliza, "Mzee, sisi na wao hakuna shida kuwa pande mbili?"

Akasema, "Hakuna. Nyinyi na wao bado si wakwe."

Alisema vile kawaida tu, lakini hilo neno "bado" nililala nalo.

Siku ikafika. Jumapili, mahali ni kilima kimoja upande wa Nyamira, chenye kichaka cha miwati na shamba la chai pembeni. Kina mama walikuwa wamewasha moto wa kupikia karibu na ua, na mama yake Kemunto ndiye aliyeshika mwiko mkubwa.

Niwaambie kuhusu huyo mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mchumaji chai hodari, na hakuwa akitabasamu bila sababu. Tangu nifike alikuwa hajaangalia upande wangu hata mara moja. Nilijaribu kusoma kama ni vizuri au vibaya nikashindwa.

Nilifunika matonge kwa majani ya mgomba na kuyanyunyizia maji kila dakika. Mtu akinisalimia nanyunyizia. Pastor akiomba, nimefunga jicho moja, la pili liko kwenye matonge. Nilikuwa na hofu hata sikumbuki aliomba nini.

Nikatoa sheria. Usirushe karibu. Usilenge uso. Asiyefungwa kamba ya mgomba mkononi si mchezaji, usimguse. Nikapuliza filimbi.

Wakuu, ilikuwa raha, lakini mimi sikuionja. Vijana waliotoka kupasuana vichwa makambi yaliyopita walikuwa wamelala kwenye mtaro mmoja wananong'onezana. Wa Kiogoro anamkinga wa Nyamira. Ningepaswa kumshukuru Mungu, badala yake nilikuwa nasubiri fimbo ya kwanza. Kila kelele nilijua ndiyo hiyo.

Fimbo haikuja. Kilichokuja sikuwa nimekipanga kwa punje yoyote.

Wekundu wakaanza kumalizika. Omwenga alikuwa amejificha kwenye chai anawaangusha mmoja mmoja. Kemunto mwenyewe alipigwa begani, akaenda kukaa nyasini na wafu wenzake, anacheka. Wakabaki Wekundu wachache nyuma ya miti, wamezingirwa.

Mama yake Kemunto akaweka mwiko chini.

Akasema kwa sauti, "Yaya, yaya! Hapana! Watoto wangu wanamalizwa na mimi nakoroga sufuria?"

Akafunga leso kiunoni, akachukua kamba ya mgomba kwa binti yake, akajifunga mkononi, akajaza matonge mekundu kwenye sehemu ya gauni aliyoikunja. Akaingia.

Nilitakiwa kupuliza filimbi. Lakini mimi nani nimwambie mama yake Kemunto atoke? Hata kuongea naye moja kwa moja sikuwa nimewahi. Nikamkimbilia Mzee Ogeto. "Mzee, mwambie atoke." Akasema, "Mwambie wewe, si una filimbi?"

Tukiwa kwenye hayo, mama ameshapiga Weupe wawili. Mkono wake ulikuwa mkono wa chai, wa haraka. Watu wakashangilia. Akageuka kutafuta wa tatu.

Omwenga kule kwenye chai aliona kitambaa cha kichwa na kamba ya mgomba. Basi. Hakuangalia ni nani. Akarusha.

Tonge lilimpata mama katikati ya paji la uso.

Lilikuwa bichi, namshukuru Mungu kwa kila tone la maji nililonyunyiza. Likapasuka. Uso mzima ukawa mweupe, kope, pua, kitambaa. Alisimama vile vile, mkono bado umeinuka.

Kina mama kwenye moto walishika vichwa. Omwenga akatoka kwenye chai mwenyewe, amefunika mdomo kwa mkono. Niliona babake Kemunto anasimama polepole kutoka kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa naona jambo moja tu, baiskeli mpya ya karani.

Halafu mama akaanza kucheka.

Kicheko kidogo cha puani kwanza, unga ukaruka. Halafu kikakua. Wakuu, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nilimgeukia Mzee Ogeto nikamwambia, "Amecheka! Hajakasirika!"

Mzee Ogeto hakucheka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

"Omba asiendelee kucheka," akasema.

"Kwa nini?"

"Mwalimu, wewe umesoma nini huko? Mtu baki akikurushia udongo kwenye mchezo, unacheka, yanaisha. Huyo anakuambia wewe na ndugu yako ni watu baki."

Nikaelewa. Nikatamani nisingeelewa. Kumbe nilikuwa nasikiliza jibu langu mwenyewe, lile lililokuwa likizungushwa kwa uji wa wimbi, na jibu lilikuwa linacheka mbele ya makanisa mawili.

Niliangalia nyasini. Kemunto alikuwa ameacha kucheka zamani. Alikuwa anamwangalia mama yake, ameng'ata kidole.

Sijui mama aliuona ule uso wa binti yake au la. Mke wangu hapa anasema aliuona. Mimi nilichoona ni kwamba kicheko kilipungua, kikaisha. Akajipangusa macho kwa kiganja. Akamtazama Omwenga. Halafu akaangaza macho kwa watu wote mpaka akanipata mimi na filimbi yangu, akanitazama usoni, kwa muda mrefu, mara ya kwanza.

Akafungua leso kiunoni. Akajifunika nayo kichwa, akaishusha mpaka ikaficha uso.

Akanipa mgongo. Njia ya kurudi kwenye moto ilipita pale niliposimama, lakini hakuifuata. Akazunguka kwa mbali, kupitia kwenye chai, ameinamisha kichwa, akafika kwenye sufuria akiwa amegeukia ua.

Mimi nilidhani sasa ndiyo nimekwisha kabisa. Amenikasirikia mpaka hataki kupita karibu.

Kikongwe mmoja kwenye moto akapiga kigelegele. Nikamwona huyu naye ana wazimu gani. Akafuata wa pili. Wakapiga wote.

Mzee Ogeto aliniachia mkono, akakaa chini kwenye nyasi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Umeona alivyokupisha?" akaniuliza. "Nani anapishwa hivyo?"

Na mimi nikakaa pale pale kando yake.

Kabla chakula hakijaiva, babake Kemunto alikuja kwa Mzee Ogeto. Mimi hakunisemesha, aliongea kama sipo. Akasema, "Mama yake amekosewa heshima na wakwe. Anadai mbuzi. Jike, mwenye maziwa, na aletwe na babake mwalimu mwenyewe."

Pastor alisikia, akaja mbio, uso umekunjana. Akasema kanisa halikubali mambo ya kafara. Babake Kemunto, yule mtu wa sentensi moja, akapata ya pili: "Hachinjwi, pastor. Anakamuliwa."

Pastor akatafakari, akaenda kunawa mikono.

Mchezo wenyewe, mkitaka kujua, hatukumaliza. Hakuna aliyeshinda. Vijana walikula pamoja, weupe kwa wekundu, na makambi hayakufungwa. Hilo mimi nililisikia baadaye, kwa sababu siku hiyo nilikuwa natembea tu nikiwa nimeshika filimbi mdomoni bila kupuliza.

Baba yangu alipeleka mbuzi. Mkimpeleka mbuzi kwa wakwe mnaingizwa ndani, na mkiingizwa ndani mnaulizwa mmekuja na maneno gani mengine. Karani wa kiwanda alioa kwingine, na nasikia baiskeli ilimdumu.

Tangu siku ile mpaka anafariki, mama mkwe wangu hakunitazama usoni tena. Miaka mingi. Nikiwa barabarani anaingia kwenye chai. Watoto wangu wakiwa wadogo waliniuliza kama nyanya anamchukia baba. Nikawaambia waangalie nani anawapa maziwa ya kumletea baba, maziwa ya uzao wa mbuzi yule.

Alipougua mwisho, nilikuwa nasimama nje ya dirisha la wodi. Alijua niko. Alikuwa anaongea na ukuta, kwa sauti, "Mtu akiwa hajala tangu asubuhi aende akale, mimi sifi leo." Nilienda nikala, huku nalia kwenye sahani.

Kwa hivyo funzo langu mimi ni hili. Wazee wenzangu wanaogopa rangi, mimi nawaambia rangi inaoshwa. Ukipanga mchezo wa watu, wajue kwanza hao watu, nani kwa nani. Na usikimbilie kufurahi mtu akicheka, wala kulia mtu akikupa mgongo. Mengine yanasemwa kwa mgongo.

Kikaoni nitasema waende wacheze. Shida iliyobaki ni moja, na ndiyo naileta kwenu mnishauri.

Yule kijana wa committee alikuja jana kuomba kina mama wajitolee kupika siku hiyo. Mke wangu, Kemunto huyu huyu, amesema hapiki, anacheza. Tena ametaka awekwe upande usio wa huyo kijana.

Nyinyi mngemweka timu gani? Andikeni, nasoma zote.

Nimemuuliza sasa hivi, "Na akikupiga, utacheka?" Ameinuka kwenda kutafuta leso.